Usiniambie "iko ndani": maoni yangu kuhusu VLAN na swichi zetu

Mimi ni mtu wa programu, si mtu wa kebo, na kwa miaka mingi nilijivunia jambo hilo. Mtu akiniuliza habari za swichi nilikuwa namwelekeza kwa fundi wa mtandao, kisha narudi kwenye misimbo yangu. Leo naandika kuhusu swichi, tena kwa hasira kidogo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kliniki moja ndogo niliyoiandikia programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Jina silitaji, maana makosa mengi yalikuwa yangu. Seva iko chini ya meza ya mapokezi. Kuna kompyuta za rekodi, za maabara na za duka la dawa, kuna printa moja, kamera nane za ulinzi, na Wi-Fi ya wagonjwa wanaosubiri zamu. Neno la siri la Wi-Fi hiyo limebandikwa ukutani. Vyote hivyo vilikuwa vimechomekwa kwenye swichi moja ya matundu 24.

Siku moja mama wa rekodi akanipigia simu. "Kijana, njoo uone mashine yenu. Imeanza kuchapa mpira."

Nikaenda. Kwenye printa, katikati ya majibu ya maabara, kulikuwa na kurasa mbili za ratiba ya mechi za wikendi. Mvulana mmoja aliyemsindikiza mamake alikuwa ameunganisha simu na Wi-Fi, simu ikamwonyesha printa, naye akabonyeza. Hakuvunja chochote wala hakudukua mtu. Sote tukacheka.

Mimi nilicheka mpaka nilipokaa kwenye benchi la wagonjwa na kufungua kompyuta yangu. Nikajiunga na Wi-Fi kwa neno la siri lililo ukutani. Nikaandika anwani ya seva, na ukurasa wa kuingia katika programu yangu ukafunguka. Nikajaribu poti 3306, ile ya MySQL. Ikaitika. Wakati wa kuisimika nilikuwa nimeiruhusu hifadhidata ipokee maombi kutoka anwani yoyote, kwa sababu ilinirahisishia kazi siku hiyo, nami nilijiambia maneno ambayo kila mmoja wetu ameshayasema: "Hakuna shida, iko ndani."

Ndani ya wapi? Yule mvulana naye alikuwa ndani. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako.

Hoja yangu ya leo ni kwamba "ndani" si mahali salama mpaka mtu apagawe na kupawekea sheria. Na kifaa cha kugawa, mara nyingi, tayari tumeshakinunua.

Swichi ikiwa haijapangwa, matundu yake yote yamo katika mtandao mmoja. Tangazo linalotolewa na kifaa kimoja linafika kwa wote. Ndivyo printa inavyojinadi kwa simu ya mgeni. Tena kifaa chochote kinaweza kukitumia kingine ujumbe moja kwa moja, bila kupita kwa mlinzi yeyote. VLAN inaigawa swichi hiyo moja iwe kana kwamba ni swichi kadhaa zisizojuana. Unaiambia: matundu 1 hadi 4 ni VLAN 10, matundu 5 hadi 12 ni VLAN 20, na kadhalika. Tangazo la VLAN 20 halifiki VLAN 10, hata kama kebo zake zimepita bomba moja.

Je, swichi mbili zikiunganishwa kwa kebo moja, zitajuaje fremu ipi ni ya nani? Hapa ndipo kiwango cha IEEE 802.1Q, kilichotolewa mwaka 1998, kinapoingia. Kila fremu inayopita kwenye kebo hiyo inabandikwa lebo ya baiti 4. Ndani ya lebo, biti 12 zinabeba nambari ya VLAN. Hesabu yake ni nambari 4096, ila 0 na 4095 zimetengwa kwa kazi maalumu, kwa hiyo zinabaki 4094. Kliniki yetu ilihitaji tano.

Nilizigawa hivi:

- VLAN 10: seva
- VLAN 20: kompyuta za ofisi, maabara na dawa, pamoja na printa
- VLAN 30: kamera na kinasa chake
- VLAN 40: Wi-Fi ya wageni
- VLAN 99: usimamizi wa swichi zenyewe

Tundu linalokwenda kwa kompyuta ya kawaida unalipa VLAN moja tu, na kompyuta haijui lolote kuhusu lebo. Tundu linaloelekea kwenye ruta, kwenye swichi nyingine, au kwenye kisambaza Wi-Fi chenye majina mawili ya mtandao, hilo unalifanya tranki, yaani njia ya pamoja ya VLAN kadhaa zenye lebo. Matundu yasiyotumika unayazima. Na usisahau yale ya ukutani. Pale kliniki tulikuta tundu moja nyuma ya televisheni ya chumba cha kusubiri, limeunganishwa na swichi, halina mwenyewe.

Nilimaliza, nikajipongeza, nikarudi kwenye benchi. Nikatafuta printa kwa simu: haionekani! Mama wa rekodi akafurahi. Kisha nikaandika anwani ya seva kwenye kompyuta, na ukurasa wa programu yangu ukafunguka vilevile kama jana.

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, na mimi nilikuwa karibu kwenda nyumbani nikiwa nimejidanganya. VLAN huzuia matangazo na mawasiliano ya moja kwa moja, lakini vifaa vya VLAN mbalimbali vinakutana kwenye ruta. Na ruta kazi yake ni kupeleka pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ruta nyingi, usipoziambia vingine, zitafanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa: mgeni anaomba seva, ruta inampeleka. Nilikuwa nimejenga vyumba vitano na kuacha milango yote wazi kwenye ukumbi mmoja.

Kwa hiyo ukigawa bila kuweka sheria umechora mistari tu. Sheria tulizoweka kwenye ruta hazikuzidi ukurasa mmoja. Wageni wanafika kwenye intaneti na si kwingineko. Kamera zinaongea na kinasa chao na hazitoki nje hata kidogo. Ofisi inafika kwenye seva kupitia poti 443 tu. Swichi zinasimamiwa kutoka kompyuta moja inayojulikana. Lolote ambalo halikutajwa linakataliwa. Hifadhidata nayo niliifunga isikilize anwani 127.0.0.1 peke yake, kwa kuwa programu na hifadhidata ziko kwenye mashine moja na hazikuwahi kuhitaji kuongea kupitia kebo.

Najua watakaosema kwamba hii ni makuu, sisi ni wadogo, nani atatutafuta? Nina majibu mawili.

La kwanza, anayeingia si lazima awe amekutafuta wewe. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilienea kwenye kamera na vinasa vya kamera duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani, yale ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha. Mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Mirai haikuuliza kamera ni ya benki au ya duka la mtaani. Kamera zako zikikaa mtandao mmoja na faili za wagonjwa, umemweka jirani usiyemjua chumba kimoja na mtoto.

La pili, hata wakubwa wameumia kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Wezi walianza na ufunguo wa kampuni ya nje iliyokuwa ikishughulikia mitambo ya kupoza hewa, wakapenya mpaka wakafika kwenye mashine za kulipia. Swali walilobaki nalo ni swali letu lilelile la benchi: kwa nini mtu wa mitambo ya hewa aweze kuifikia mashine ya pesa?

Tena hapa kwetu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inamtaka anayezitunza achukue hatua za kiufundi za kuzilinda. Sioni vipi mtu angesimama mbele ya Kamishna wa Data na kumwambia, "Mheshimiwa, zilikuwa ndani."

Sasa niwe mkweli kuhusu gharama. VLAN inaongeza kazi. Siku moja daktari alitaka kuchapa kutoka kwenye simu yake na ikashindikana, ikabidi tumtengenezee njia ya Wi-Fi ya ofisi. Swichi za bei ya chini kabisa hazipangiki, kwa hiyo ukinunua hizo utanunua tena. Na kosa dogo linakata mawasiliano. Mimi nilikata. Baadaye kliniki iliongeza swichi ya pili, ya Cisco, kwenye jengo la maabara. Nikiwa nyumbani niliingia kwenye swichi hiyo kuongeza VLAN 40 kwenye tranki, nikaandika `switchport trunk allowed vlan 40`. Nilisahau neno `add`. Bila neno hilo amri haiongezi. Inafuta orodha yote na kuacha 40 peke yake. Maabara nzima ikazimika, pamoja na njia yangu mwenyewe ya kuifikia swichi, na ilikuwa saa tano asubuhi, foleni imejaa.

Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimehifadhi mipangilio. Nilimpigia simu dada wa maabara, nikamwomba achomoe waya wa umeme wa swichi, ahesabu hadi kumi, achomeke tena. Ikawaka na mipangilio ya zamani. Tangu hapo, kabla ya kugusa swichi iliyo mbali naandika kwanza `reload in 10`, ili nikijifungia nje ijiwashe upya yenyewe baada ya dakika kumi. Mambo yakienda sawa naifuta kwa `reload cancel`, kisha nahifadhi. Na sigusi kitu saa tano asubuhi.

Hata hivyo, ukipima, dakika chache za foleni ile nilizilipa kwa aibu. Faili za wagonjwa zikivuja, atakayelipa ni mgonjwa ambaye hajui hata swichi ni nini. Yeye alikuja na homa, akatuambia mambo ambayo hajamwambia hata ndugu yake, akatuamini.

Kwa hiyo naongea na waandishi wenzangu wa programu. Tumezoea kusema mtandao ni kazi ya fundi mwingine. Fundi naye anasema usalama wa data ni kazi ya mwenye programu. Katikati ya maneno hayo mawili ndipo poti 3306 inapobaki wazi. Napendekeza tusikabidhi programu yoyote yenye habari za watu kabla ya kuuliza maswali matatu: Ni vifaa gani vingine viko mtandao mmoja na seva hii? Ni sheria gani iliyoko kati ya wageni na seva? Na nani amekwenda kujaribu?

Hilo la tatu ndilo kubwa. Usiridhike na mchoro, wala na fundi akikuambia "nimeweka VLAN". Chukua kompyuta yako, keti pale mgeni anapoketi, jiunge na Wi-Fi ya ukutani, kisha uandike anwani ya seva. Ikikaa kimya, nenda nyumbani ukalale. Ikiitika, bado una kazi.

Mimi mwenyewe kila nikipita kliniki ile huketi kwenye benchi dakika tano. Mama wa rekodi ameshazoea. Wiki iliyopita aliniuliza kama ni mgonjwa.

Haya, tukutane wakati mwingine.