RINGI ZA PISTONI: FUNDI APIME KWANZA, OFISI INUNUE BAADAYE



Yako mambo yanayosemwa kuwa ni ya karakana tu, na kwa hiyo hayamhusu mkata miwa wala mchuma chai. Ringi za pistoni ni mojawapo ya mambo hayo. Sisi tunasema si kweli. Injini ya trekta ikifunguliwa na kufungwa ringi zisizofaa, hasara yake haibaki karakana. Inatoka nje, inafuata barabara ya shamba, na mwisho inaingia katika mshahara wa mtu ambaye hajapata hata kuiona ringi kwa macho yake.

Tazameni mashamba ya miwa na chai ya Uganda. Mkata miwa hulipwa kwa kazi iliyopimwa, na miwa iliyokatwa hupoteza uzito na sukari kadiri inavyokaa juani ikingoja trekta. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, na majani mabichi yasipofika kiwandani siku ile ile hupata joto ndani ya magunia na kuharibika. Kwa hiyo trekta lililosimama kwa ringi mbovu ni kikapu kilichopungua cha mama fulani kule mstarini. Hili si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la chama.

Tukumbuke tulikotoka. Baada ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia kufukuzwa Uganda mwaka 1972, biashara ya spea iliporomoka pamoja na mengine. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilididimia, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikawa na upungufu. Katika miaka ile fundi alifunga kile kilichopatikana, na hakuna wa kumlaumu. Lakini leo maduka yamejaa spea, nyingine za kweli na nyingine za bandia, na bado tunafunga kile kilichopatikana. Uhaba umeondoka, tabia ya uhaba imebaki. Tabia hiyo ndiyo tunayotaka kuing'oa.

Ringi inafanya kazi gani? Kazi zake ni tatu. Kwanza, inaziba njia ili moto na hewa iliyobanwa visipite kando ya pistoni na kushuka chini kwenye sampu. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa zaidi ya mara 15, na hewa ikivuja, moto unakuwa dhaifu na injini inakataa kuwaka asubuhi. Pili, inakwangua oili ukutani mwa silinda isipande juu kuungua. Tatu, inapokea joto kutoka kwenye pistoni na kulipeleka kwenye ukuta wa silinda, na kutoka hapo kwenye maji. Ringi ikishindwa katika kazi hizi tatu, utaona moshi wa buluu, oili inayopungua kila siku, na pumzi inayotoka kwa nguvu kwenye bomba la kupumulia.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kosa la kwanza ni kuagiza kwa jina la trekta. Ofisi inaandika: "Ringi za Massey Ferguson 165, seti moja." Lakini 165 za mwanzo zilizotoka Uingereza zilikuwa na injini ya Perkins 4.203, yenye silinda ya upana wa mm 91.4. Zilizofuata zilipewa injini ya Perkins 4.212, yenye silinda ya mm 98.4. Trekta ni moja kwa jina na rangi, ringi ni mbili tofauti kabisa. Tena ile 4.203 inalingana kwa upana wa silinda na injini ya silinda tatu ya trekta dogo la 135, lakini kulingana kwa upana hakutoshi: urefu wa ringi katika mfereo, idadi yake na umbo lake lazima vilingane na pistoni iliyomo. Namba ya kuagizia ni ile iliyogongwa kwenye injini, wala si ile iliyobandikwa kwenye boneti.

Kosa la pili ni kuagiza kabla ya kupima. Silinda hailiki sawasawa. Juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, ndipo kwenye moto mwingi na oili kidogo, na ndipo panapolika zaidi. Chini panabaki karibu kama pya. Basi silinda inakuwa pana juu na nyembamba chini. Tofauti ikiwa ni mm 0.2 tu, mwanya wa ringi unafunguka na kufunga kwa zaidi ya mm 0.6 kila pistoni ipandapo na kushukapo, kwa sababu mzingo ni upana mara tatu na ziada. Injini ikizunguka mara 2000 kwa dakika, pistoni inapanda mara 2000 na kushuka mara 2000. Ringi gani itastahimili mchezo huo kwa msimu mzima?

Kwa hiyo maikromita ndiyo inayotoa hukumu. Silinda ikiwa imelika kupita kiasi kinachoruhusiwa na kitabu cha injini, ringi mpya peke yake ni fedha iliyotupwa: inabidi kubadili laina, au kuchonga silinda na kununua pistoni na ringi za ovasaizi zinazokwenda pamoja. Ringi ya ovasaizi ndani ya silinda ya standadi iliyolika si dawa. Wako wanaoipiga tupa midomo hadi iingie, lakini umbo lake si la duara ile, na itagusa ukuta hapa na kuacha pale. Silinda ikiwa bado nzuri, basi ukingo uliobaki juu uondolewe, maana ringi mpya ikiupiga itavunjika. Na ukuta upitishwe mawe ya kusugulia hadi uwe na mistari inayopishana, ili oili ipate pa kukaa na ringi ipate pa kujisugua ikae.

Ndipo tuulize: ringi ya madini gani? Hapa watu wengi hudhani kwamba iliyo ghali ndiyo bora. Sivyo. Ringi ya chuma cha kusubu isiyopakwa kitu hukaa upesi na huvumilia silinda iliyolika kidogo, ingawa nayo huisha mapema. Ringi ya kromu ni ngumu na hushindana na vumbi vizuri, lakini ni nzito kukaa. Inataka silinda iliyosuguliwa vyema, la sivyo itateleza juu ya ukuta kwa miezi huku oili ikipanda. Ringi ya molibdenamu hushika oili usoni mwake na hustahimili joto kali, lakini vumbi huila kuliko linavyoila kromu. Na iko sheria moja isiyo na mjadala: ringi ya kromu haifungwi katika laina iliyopakwa kromu. Vitu viwili vya ugumu ule vikisuguana, vyote viwili huchanika.

Sisi tunaona hivi. Kwa trekta linalovuta miwa katika vumbi la barabara za murram wakati wa kiangazi, likiwa na laina mpya ya chuma cha kusubu, ringi ya juu iwe ya kromu. Kwa injini ya zamani ambayo silinda yake imepimwa ikaonekana iko ndani ya mipaka, na kampuni haina fedha za laina mwaka huu, ringi za chuma cha kawaida, zilizo rahisi zaidi, ndizo zenye akili. Mtaona basi kwamba hatuisukumi kampuni inunue cha bei kubwa siku zote. Tunaitaka inunue kinachofaa, na kinachofaa hujulikana kwa kupima.

Hata ringi sahihi hupimwa kabla ya kufungwa. Isukumwe ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili isimame sawa, chini pale pembamba zaidi ringi inapofika, kisha mwanya upimwe kwa fila. Kanuni ya jumla ni kiasi cha mm 0.3 hadi 0.4 kwa kila mm 100 za upana wa silinda, ila kitabu cha injini ndicho mwamuzi. Mwanya ukiwa mdogo mno, joto huirefusha ringi, midomo ikagongana, na silinda ikachanika katika saa za mwanzo. Mfereo wa pistoni nao upimwe, kwa maana ringi mpya katika mfereo uliopanuka hucheza na kuvunjika. Alama ya juu itazame juu. Midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja.

Ofisi itajibu: "Miwa inasubiri, hatuna muda wa mambo haya." Kupima silinda nne ni kazi ya saa chache. Kuifungua injini mara ya pili ni kazi ya siku, tena pamoja na gasketi mpya, oili mpya, na wakataji walioketi chini ya mti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika karakana tunaujenga ukuta huo kila msimu, kisha tunajiuliza matofali yanakwenda wapi.

Sasa liko jambo la haki, na hapa chama lazima kisimame imara. Injini inapokula oili, mtu wa kwanza kushukiwa ni dereva. Anaambiwa anaiuza. Injini inapokosa nguvu, fundi anaambiwa hajui kazi. Wote wawili hukatwa mshahara, wakati seti ile ya ringi aliichagua mtu wa ununuzi kwa kuangalia bei tu. Ndugu, makato ya mshahara si jambo la hasira ya meneja. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, katika ibara ya 8, unasema makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Uganda nayo inayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inayoweka mipaka ya makato. Karatasi yenye vipimo vya silinda ndiyo shahidi wa dereva. Bila karatasi hiyo, neno lake linabaki kinyume cha neno la bwana mkubwa, na tunajua ni neno lipi husikilizwa.

Tena iko afya. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayekaa nyuma ya injini inayovuta buluu saa nane kwa siku, au katika chumba cha jenereta kisicho na madirisha, anavuta kile ambacho ringi ilitakiwa kukizuia.

Lakini tusiwatazame wakubwa peke yao. Vumbi ndilo linalokula ringi, na mlango wa vumbi ni chujio la hewa. Chujio la oili lisipofunguliwa na kusafishwa kila siku wakati wa kiangazi, hata ringi bora duniani haimalizi msimu. Hiyo ni kazi yetu, madereva na matanboi. Fundi anayefunga ringi bila kupima kwa sababu ni Ijumaa jioni anampa mwajiri fimbo ya kutupigia sote. Na injini mpya isiachwe ikinguruma bila mzigo kutwa nzima kwa kudhani inapumzishwa; dizeli isiyopewa mzigo huifanya silinda iwe laini kama kioo kabla ringi hazijakaa. Ipewe mzigo wa wastani, kisha iongezwe hatua kwa hatua.

Kwa hayo, tunapendekeza kamati za wafanyakazi ziyapeleke haya mezani katika mapatano yajayo:

Kwanza, injini yoyote isiagiziwe ringi kabla fundi hajajaza karatasi ya vipimo na namba ya injini, na nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa chama.

Pili, ununuzi wasibadilishe aina iliyoandikwa bila fundi kutia sahihi.

Tatu, maikromita, saa ya kupimia silinda na fila ziwe mali ya karakana, zinunuliwe na kampuni, na vijana wafundishwe kuzitumia.

Nne, asikatwe dereva wala fundi senti moja kwa sababu ya oili au nguvu ya injini mpaka injini hiyo iwe imepimwa mbele ya mwakilishi wake.

Madai haya hayaongezi shilingi nyingi katika gharama za kampuni, na huenda yakapunguza. Ndiyo sababu mwajiri atakayeyakataa itambidi aeleze anachoogopa katika karatasi yenye vipimo. Mkata miwa, mchuma chai, dereva na fundi wayadai kwa sauti moja, kwa kuwa injini ikifa, wote wanne hulala na njaa ile ile.