Nani Anatia Sahihi? Somo la Makueni kwa Timu za Ofisini

Wiki hii naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie usimamizi wa miradi. Usikimbie! Jambo hili linakuhusu hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Sababu ni hii. Katika miji yetu ya Kitui, Mwingi na Wote, wenye biashara wameanza kupeleka wafanyakazi wao kwenye mafunzo ya usimamizi wa miradi. Ni jambo jema. Lakini nikitazama kinachobaki ofisini wiki mbili baadaye, naona tunanunua majina badala ya kujenga tabia. Watu wanarudi na cheti, kalamu na mkoba wenye nembo. Jumatatu kazi inaendelea kama zamani: mradi hauna mwenyewe, tarehe ya kumaliza ni "hivi karibuni", na anayetangaza kwamba kazi imekwisha ni yule yule anayelipwa kwa kuimaliza.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha makala haya. Msimamo wangu ni kwamba sahihi ya mwisho iwe mkononi mwa mtu atakayeitumia kazi hiyo, na sehemu ya fedha isubiri sahihi yake. Timu ikishika tabia hii moja, mambo mengine mengi ya vitabuni yatafuata yenyewe. Wala hatuhitaji kulitafuta wazo hili London au California. Liko hapa nyumbani.

Kamati za Makueni

Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, zote zilitakiwa kuwashirikisha wananchi katika mipango na bajeti. Sasa, "kushirikisha" ni neno pana. Unaweza kuita mkutano mmoja hotelini, ukagawa soda, ukaandikisha majina, ukasema umeshirikisha.

Makueni, chini ya gavana wake wa kwanza Kivutha Kibwana (2013 hadi 2022), ilichukua njia ndefu. Mazungumzo yalipangwa kwa ngazi: kijiji, kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, kisha kaunti nzima. Kaunti hiyo ina wadi 30 na kaunti ndogo 6, kwa hiyo si kazi ya siku moja.

Lakini kilichonivutia mimi kama mwandishi wa programu si mikutano. Ni kile kinachofuata baada ya mradi kukubaliwa. Wakazi wa mahali penyewe huchagua Kamati ya Usimamizi wa Mradi. Hawa ni watu watakaoitumia zahanati, kisima au barabara hiyo. Hupewa habari za mkataba, hutembelea kazi inapoendelea, na mkandarasi anapotaka kulipwa, kamati inatakiwa kwanza kukubali kwamba kazi imefanyika. Kaunti nyingine zimetuma wajumbe wao kuja kujifunza.

Hebu ulitazame jambo hili kwa jicho la ofisini. Atakayeteka maji ndiye anayesema kama kisima kinatoa maji. Ripoti yenye picha nzuri haitoshi.

Sisemi Makueni ilikuwa peponi. Mwaka 2014 serikali ya kaunti na bunge la kaunti walivutana vibaya kuhusu bajeti, hadi wakazi wakaomba kaunti ivunjwe. Tume iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ilipendekeza isimamishwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Kwa hiyo mfumo huu ulikua katikati ya vurugu. Hilo linanipa moyo, maana ofisi nyingi ninazozijua nazo hazina utulivu.

Mwethya ni shule

Kabla ya kaunti, kulikuwa na mwethya. Kwa msomaji asiye wa Ukambani: mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu. Leo tunachimba matuta shambani kwako, kesho kwangu. Matuta ya fanya juu yaliyojaa kwenye vilima vya Machakos na Makueni (zilikuwa wilaya moja hadi 1992) yalichimbwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya vikundi hivi.

Chukua mfano wa bwawa la mchanga. Unajengwa ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga ambamo jua haliyafikii kwa urahisi. Kiangazi watu huchimba au kupiga pampu na kupata maji. Shirika la SASOL limeshiriki kujenga mamia ya mabwawa haya Kitui tangu miaka ya 1990.

Mpango wa kazi kwa kawaida ni huu: jamii inaleta mawe, mchanga na nguvu za mikono, shirika linaleta saruji, chuma na fundi. Mawe yakusanywe kwanza. Hakuna mawe, hakuna haja ya saruji kuja ikaharibikie kijijini. Na tarehe ya mwisho haipangwi na bosi. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wa huku wanazozitegemea zaidi, kwa hiyo ukuta uwe umesimama kabla yake. Mvua ndiyo mkaguzi. Kama msingi haukukaa juu ya mwamba, maji yatapita chini na kila mtu ataona.

Mwezi Februari 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, Utah, Marekani, wakaandika azimio ambalo limebadilisha kazi yetu duniani. Mambo mawili katika azimio hilo: mteja awe karibu na timu, na programu inayofanya kazi ithaminiwe kuliko makaratasi mengi. Nawaheshimu. Ila mama wa Kitui aliyebeba mawe ya bwawa, akaona ukuta ukisimama, akateka maji yake, angewaelewa bila mkalimani.

Ofisini ikoje?

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa karibu, bila kutaja jina. Biashara moja inayonunua ndengu kwa wakulima ilileta mfumo wa tarakilishi wa kusajili mizigo. Aliyetia sahihi kwamba mfumo umekamilika alikuwa ofisi ya uhasibu mjini. Makarani wa vituo vya ununuzi, wanaopima magunia, hawakuulizwa. Mfumo ulihitaji intaneti kila dakika, na vituoni mtandao huja na kwenda. Baada ya msimu mmoja makarani walirudi kwenye daftari, na fedha zikawa zimekwenda.

Nilipoitwa kuandika mfumo mpya niliweka sharti: makarani watatu ndio watakaotia sahihi, na malipo yangu ya mwisho yangoje. Walinirudisha mara mbili. Mara ya kwanza walisema risiti ionyeshe uzani kabla ya kupepeta na baada ya kupepeta, maana hapo ndipo ugomvi na wakulima huanzia. Mara ya pili walitaka kazi iendelee bila mtandao na itume taarifa mtandao ukirudi. Hakuna hati yoyote ya mradi iliyokuwa na mambo hayo mawili. Na hayo ndiyo yaliyofanya mfumo utumike.

Mapingamizi

Najua mtasemaje. Kwanza: mtumiaji hana utaalamu. Ni kweli, karani hajui usalama wa hifadhidata, na mwanakijiji hajui vipimo vya chuma. Kwa hiyo ziwe sahihi mbili. Mhandisi aseme ni imara, mtumiaji aseme inafaa. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Pili: kamati inaweza kuhongwa, au ikakalia malipo ya mtu kwa chuki. Hili ni zito, hasa kwa mkandarasi mdogo aliyekopa ili afanye kazi. Dawa ni kuandika masharti ya kukamilika kabla kazi haijaanza, kwa maneno ambayo kila mtu anaelewa, na kuweka siku za kujibu. Siku hizo zikipita bila sababu iliyoandikwa, mtu alipwe.

Tatu: si kila kitu ni bwawa la mchanga. Kweli. Bwawa kuu la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa mwaka 2018, na tarehe ya kulikamilisha imesogezwa zaidi ya mara moja. Mradi wa mabilioni unahitaji wahandisi, mikopo na mikataba ambayo mwethya haiwezi kubeba. Lakini ofisi yenye watu kumi na wawili haijengi Thwake. Inajenga bwawa la mchanga. Tuache kuiga makaratasi ya miradi mikubwa kwa kazi ndogo.

Na mafunzo je?

Sipingi vyeti. Vinafungua milango, hasa ukiomba kazi Nairobi. Lakini tazama masharti ya vyeti vyenyewe. PMP, cheti maarufu cha Marekani, kwa muda mrefu kimemdai mwenye shahada miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 tu za darasani. Wenye cheti wenyewe wanakubali kwamba kazi ndiyo inayofundisha! Sisi tunanunua zile saa 35 na kusahau ile miezi 36.

Kwa hiyo napendekeza haya kwa timu yoyote ndogo:

1. Mzunguko wa mwethya. Kila miezi mitatu mfanyakazi mwingine aongoze mradi mmoja mdogo, hata kama ni kupanga ghala upya. Aliyeongoza jana amsaidie wa leo.

2. Ukurasa mmoja. Nani atatumia, nini kitaonyesha kwamba kazi imekwisha, nani atatia sahihi. Ukizidi ukurasa mmoja, hautasomwa.

3. Mawe kwanza. Usilipie programu kabla timu yako haijaleta mawe yake: orodha ya wateja iliyosafishwa, bei, na risiti za zamani. Msipoweza kuyakusanya hayo, hamko tayari.

4. Tarehe ya mvua. Funga mradi kwenye tarehe isiyoweza kubembelezwa: mavuno, kufunguliwa kwa shule, mwisho wa mwaka wa fedha.

5. Dai fedha zako. Kila mwajiri hudaiwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ushuru wa mafunzo unaokwenda kwa NITA. Watu 12 ni shilingi 7,200 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa ushuru huo anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, mradi afuate utaratibu na aombe idhini mapema. Wenye biashara wengi niliowauliza hulipa na kusahau. Hizo fedha zingeweza kumleta mkufunzi akae na timu yako kwenye mradi wenu halisi, badala ya wote kwenda kukaa hotelini.

Biashara ya Nairobi ikipoteza laki tatu kwenye mfumo usiotumika, itaandika hasara na kuendelea. Ya Mwingi itamwachisha karani kazi, na mara nyingi atakayeachishwa ni yule yule ambaye angetuambia mapema kwamba mfumo hautafaa, kama angeulizwa.

Kwa hiyo kabla hujalipia semina nyingine, fungua mradi ulio mezani kwako sasa hivi. Tafuta jina la mtu atakayetia sahihi ya mwisho. Kama ni la aliyeufanya mradi, au la bosi ambaye hatautumia kamwe, anza kurekebisha hapo. Haigharimu hata shilingi.

Tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye seva, naahidi.