Kiti Kimetolewa, Je, Njia Ipo?



Tuanze kwa kuungama. Miaka michache iliyopita, baada ya Misa ya Jumapili, tulimkabidhi ndugu yetu mmoja asiyeweza kutembea kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa mota na betri. Kilikuwa zawadi ya marafiki wa mbali. Kwaya iliimba, akina mama walipiga vigelegele, picha zikapigwa, nasi tukarudi majumbani tukijipongeza kwamba tumetenda haki. Juma la pili kiti kile kiliserereka kikaingia mtaroni kando ya barabara kuu, naye akaumia bega. Masika yalipofika, betri zikafa kwa maji na tope. Tulipokwenda kumtembelea tulikikuta kiti kimeegemezwa ukutani, kuku wametaga chini yake. Alituambia, bila hasira, kwamba siku ile ya makabidhiano hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza nyumba yake iko wapi, wala njia ya kutoka kwake hadi barabarani ikoje.

Maneno hayo yametuandama hadi leo, na ndiyo yaliyotusukuma kuandika tahariri hii. Hatuna budi kujiuliza kama chombo alichopewa mlemavu bila mafunzo, bila fundi na bila njia ni haki, au ni hatari tuliyoipamba kwa maua.

Tuitazame nchi yetu jinsi ilivyo. Mji wa Kibiti umekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji hauwazuii tena wasafiri wa kusini, na malori na mabasi hupita usiku na mchana. Anayetoka nyumbani kwenda sokoni au zahanati hana budi kuivuka barabara hiyo au kutembea kandokando yake. Tukigeukia upande wa bahari, Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala ni nchi ya mikoko, tope na maji ya kupwa na kujaa. Huko barabara ni mto, na gari ni mtumbwi, mashua au boti. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko yaliingia mashambani na majumbani katika Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata mvua za Kimbunga Hidaya zikaikata barabara ya kwenda Lindi. Aliye na miguu miwili alipata taabu ya kujiokoa. Tumfikirie basi yule ambaye miguu yake ni magurudumu.

Vyombo vyenyewe havifanani, nasi tusivichanganye. Ipo baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, ambayo wengi wetu tumeizoea. Kipo kiti cha mota, kinachoongozwa kwa kijiti kidogo mkononi. Ipo na pikipiki ya magurudumu matatu, yaani bajaji, ambayo baadhi ya wenzetu wenye ulemavu huiendesha ili kupata riziki. Mwenye kiti cha mota ni mtembea kwa miguu: kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, akose njia ya waendao kwa miguu, apite ukingo wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Mwenye bajaji ni dereva, naye hufuata sheria zote za madereva. Nchini Uingereza, ambako vyombo hivi ni vingi, kanuni za mwaka 1988 huviwekea mpaka: kinachopita katika njia ya waendao kwa miguu kisizidi maili 4 kwa saa, yaani karibu kilomita 6 na nusu, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Hekima yake ni wazi. Mbio za chombo zisizidi uwezo wa watu waliokizunguka.

Yapo mambo machache ambayo kila nyumba yenye kiti cha mota inapaswa kuyajua, na kila kiongozi wa jumuiya anapaswa kuyafundisha. Mteremko upandwe na kushukwa moja kwa moja. Ukipitwa kiubavu, kiti hupinduka. Mkanda wa kiunoni ufungwe njiani. Kabla ya kuingia kitini au kutoka, umeme wa kiti uzimwe, maana mkono wa nguo ukigusa kijiti, kiti huondoka. Jioni pawepo taa, au angalau vitambaa na vibandiko vinavyong'aa nyuma na ubavuni, kwa kuwa dereva wa lori hamwoni mtu aliyekaa chini ya kimo cha taa zake.

Wasukumaji nao wana la kujifunza. Kiti cha mota kina vishikizo vidogo vya kuachanisha mota na magurudumu, ili kiweze kusukumwa betri zinapokwisha. Katika viti vilivyo vingi breki hufanya kazi kwa njia ya mota hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana mwenye nia njema akivigeuza vishikizo hivyo mtelemkoni, amemwondolea mwenzake breki zote. Jambo hilo lifanywe mahali tambarare tu, na baada ya kumwarifu aliyeketi.

Betri zinadai heshima ya pekee. Zile za asidi hutoa hewa inayoweza kuwaka zinapochajiwa. Hivyo zichajiwe mahali penye hewa, mbali na jiko, na kwa chaja iliyokuja nazo. Za lithiamu zikipigwa, zikilowa maji au zikitiwa chaja isiyo yake, zaweza kushika moto mkali usiozimika upesi. Pasiwepo nyumba ambamo betri inachajiwa mlangoni usiku kucha huku watu wamelala ndani, maana moto ukizuka hapo, umeufunga mlango. Na maji ya chumvi ya delta hula nyaya na vyuma kimya kimya. Kiti kilichopita kwenye maji hayo kipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikaushwe siku hiyo hiyo.

Lipo neno moja la delta ambalo twaliandika kwa mkazo. Mtu asifungwe katika kiti chake ndani ya chombo cha majini. Kiti cha mota ni kizito, mara nyingi kupita mtu mzima. Chombo kikipinduka, aliyefungwa humo huenda nacho chini. Abebwe kwanza mtu, akalishwe chini katikati ya chombo, avishwe jaketi okozi. Kiti kifuate peke yake, kikiwa kimezimwa na kufungwa kamba. Nahodha asiyekubali utaratibu huo aambiwe kwa adabu kwamba safari itangoja.

Baadhi yenu mtasema kwamba haya yote ni mambo ya mafundi, na Tume ya Haki na Amani yanaihusu nini? Yanaihusu sana. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo unazitaka serikali zifanikishe mwendo huru wa mtu mwenye ulemavu, na katika huo wanataja pia kufundishwa namna ya kwenda, yeye na wanaomhudumia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vya kusukumwa kwa mkono, lilitaja hatua 8 za kumpatia mtu kiti. Miongoni mwake ni kumpima, kukirekebisha kimfae, kumfundisha, na kumfuatilia pamoja na matengenezo. Ikiwa kiti kisicho na mota kinahitaji hatua 8, sisi tulikitoa chenye mota kwa hatua moja: makabidhiano.

Tena, usalama usigeuzwe kisingizio cha kuwafungia watu ndani. Mwezi wa Juni mwaka 2017, jijini Dar es Salaam, waendesha bajaji wenye ulemavu waliandamana kudai ruhusa ya kuingia katikati ya jiji kutafuta riziki, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Tunalikumbuka tukio hilo kwa sababu linafundisha. Ni rahisi kumwambia mlemavu abaki nyumbani kwa usalama wake, na ni vigumu zaidi kuifanya njia iwe salama ili atoke. Haki iko upande wa lile lililo gumu. Wale watu wanne wa Injili waliomchukua mwenye kupooza hawakumrudisha kwao walipoukuta mlango umejaa watu. Walipanda juu wakafungua dari.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwaendee wenye ulemavu walio katika eneo lake, wa dini zote, iketi nao na kuipita njia yao pamoja, kutoka kitandani hadi kisimani, sokoni, shuleni na zahanati. Jirani yetu Mwislamu asiulizwe kadi ya ubatizo kabla ya kuwekewa daraja la mbao juu ya mtaro. Pili, makanisa yetu wenyewe yawe na njia za mteremko. Ni aibu kuhubiri haki juu ya ngazi sita. Tatu, kila parokia imchague kijana mmoja, awe fundi wa baiskeli au wa redio, ajifunze matengenezo ya viti hivi. Nne, viongozi wetu waulizie katika halmashauri ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayopaswa kukopeshwa kwa watu wenye ulemavu: nani amepata, na kwa lipi? Tano, zawadi ya kiti isipokelewe mpaka atakayekitumia awe amesema mwenyewe kinachomfaa. Pengine kwa mtu wa Mbuchi baiskeli imara ya mikono ina faida kuliko mota isiyo na mahali pa kuchajiwa.

Kuhusu ndugu yetu tuliyeanza naye, vijana wa jumuiya yake wamefukia shimo la njia yake kwa kifusi na kuweka mbao juu ya mtaro. Betri bado hatujazipata. Anaitumia baiskeli ya zamani ya kuazima, na Jumapili hufika kabla yetu. Kiti kile bado kiko ukutani. Hatutakiondoa wala kukificha hadi tutakapokirudishia uhai, ili kila tupitapo pale kitukumbushe deni letu.