KESI YA CHEBEYA: TUNATAKA JENERALI AKAE KU KITI CHA WASHITAKIWA



Iko filamu moja ya Mubelgiji Thierry Michel, «L'Affaire Chebeya, un crime d'État?», ya mwaka wa 2012. Kamera iliingia mu tribinali ya kijeshi Kinshasa, ikafuata kesi ya polisi walioshitakiwa kumuua Floribert Chebeya, mutetezi wa haki za watu. Michel alipokuja kuionyesha Kinshasa, walimuzuia ku uwanja wa ndege, wakamurudisha Ulaya.

Ukiitazama utaelewa sababu. Tarehe 1/6/2010 Chebeya aliitwa ku ofisi ya mukubwa wa polisi, jenerali John Numbi. Kesho yake maiti ikapatikana ndani ya gari lake, na pembeni waliweka kondomu na nywele za kike, ili tuseme eti alikufa mu mambo ya wanawake. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena. Na mu tribinali maofisa wanapita: mimi sikuona, mimi sikumbuki, mimi sikuwa pale. Wanasema vile mbele ya wajane!

Numbi naye alikuja. Lakini kama shahidi tu. Akaongea, akarudi kwake. Sheria ya jeshi inataka jaji asiwe na cheo cha chini kuliko mushitakiwa. Basi mwizi wa mbuzi anapata jaji haraka, mwenye nyota ku bega anakosa?

Mu 2011 walihukumu wanne kufa, watatu kati yao walikuwa wametoroka. Numbi, mu 2018, Kabila akamupandisha kuwa mukaguzi mukuu wa jeshi. Mu 2021 akakimbia inchi. Mu 2022 Korti Kuu ya kijeshi ikahukumu tena polisi wake, yeye hayuko.

Wengine watasema: muzungu atatufundisha nini juu ya tribinali yetu? Sawa. Lakini uongo unaosikika mule ulisemwa na Wakongomani, mbele ya majaji Wakongomani.

Numbi anakana. Akane mbele ya jaji, sisi tutamusikiliza.

Kwa hiyo tunaomba serikali: imutafute Numbi na kumuleta Kinshasa kuhukumiwa. Itafute mwili wa Bazana mupaka familia yake izike. Na filamu ionyeshwe mu masalle na mu universite, Kinshasa, Goma, Bukavu, Lubumbashi, bila polisi ku mulango.