TUWALINDE WAZEE WETU



Mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Mwaka 2003 serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee. Ilisema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali. Mzee aandikishwe kwa Mtendaji wa Kijiji ili apate kitambulisho cha matibabu. Asiyeweza kutembea, mwanawe au jirani amwendee.

Jambo la pili ni usalama. Katika Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa. Walisingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo si uchawi. Huletwa na moshi wa kuni na samadi kavu jikoni, au na ugonjwa. Dawa ni jiko lenye dirisha, na kwenda zahanati.

Kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai. Ukisikia mzee anatishwa, mwarifu Mtendaji au polisi mapema. Usingoje msiba.

Je, katika kitongoji chenu, mzee gani hana kitambulisho?