Maji ya Rufiji Yapimwe Kabla Hayajafika

Mvua inayonyesha leo Njombe huchukua siku kadhaa kufika Utete. Ndani ya siku hizo mkulima wa bondeni anaweza kuokoa watoto, mbegu na chakula chake, iwapo ataambiwa.

Kompyuta yaweza kuikadiria safari hiyo. Hupewa kiasi cha mvua, mwinuko wa ardhi, aina ya udongo na unyevu uliokwisha kuwamo, nayo hukokotoa maji yatakayonywewa na ardhi na yatakayoingia mtoni. Lakini bonde la Rufiji lina kilomita za mraba zipatazo 177,000. Mahali ambapo hakuna mtu anayesoma kipimo cha mvua na cha kina cha mto kila siku, hesabu hiyo haitofautiani sana na ramli, hata mashine iwe ghali namna gani.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba Rufiji na Kibiti. Hata hivyo kilimo cha mlau hutegemea unyevu na rutuba iachwayo na maji hayo hayo. Kwa hiyo mkulima hahitaji mto ufungwe, anahitaji kujua siku. Tena sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere, na milango yake hufunguliwa na binadamu. Wahusika hawana budi kuweka vipimo vya kutosha Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na kila makadirio yafike kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya maji.