RADI YA MBINGUNI NA RADI YA DUMU

Kila pikapu inapoungua hapa visiwani hatukosi kuambiwa mambo mawili: kwamba ni kudra, na kwamba dereva alikuwa mzembe. Akishalaumiwa dereva, faili hufungwa. Sisi kudra hatuikani. Lakini kudra haijapata kumzuia nahodha kutua tanga anapoliona wingu.

Ndugu wanachama, itazameni safari ya petroli ya mvuvi. Madumu hupandishwa juu ya pikapu, gari likaenda kituoni, na mafuta yakajazwa palepale juu, kwani kuyashusha na kuyapandisha tena ni taabu. Bodi la gari limetandikwa plastiki ili lisichubuke. Hapo ndipo penye balaa. Petroli ipitapo mpirani kwa kasi huzaa umeme. Dumu likiwa chini, umeme ule hupata njia ya kuzama ardhini. Likiwa juu ya plastiki hauna pa kwenda, bali hujilimbikiza, hata bomba linaposogea mdomoni mwa dumu ikaruka cheche. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, seuze katika jua letu la kaskazi! Cheche hiyo ni radi ile ile ya mbinguni, ila ni ndogo.

Wala hili si jambo jipya. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi ilitoa tahadhari juu ya mioto hii mwaka 1998, ikaeleza kuwa dumu la bati juu ya plastiki ndilo baya kupita yote, na kwamba la plastiki nalo halikusalimika. Dawa yake haigharimu hata senti moja: dumu liwekwe chini, bomba liguse mdomo wa dumu tangu mwanzo hata mwisho, mafuta yaende polepole, na lisijazwe pomoni. Twauliza: ni kituo gani kilichobandika maneno haya kwa Kiswahili mahali yanapoonekana?

Sasa tuje kwenye radi yenyewe. Wengi hudhani kwamba mipira ya magurudumu ndiyo imlindayo msafiri. Sivyo. Radi iliyokwisha kupasua anga kwa maelfu ya mita haizuiwi na mpira wa unene wa shubiri. Kinacholinda ni chuma cha gari kinachomzunguka mtu pande zote, juu na chini, kwa kuwa umeme hupita nje ya chuma hicho ukaenda zake ardhini. Basi mkubwa aliyefunga vioo vyake yumo ngomeni, tena bila ya kujua. Mama aliyekaa nyuma ya pikapu, amejifunika turubai na kikapu chake cha samaki mapajani, hana kinga yoyote. Wala bodi la mbao la gari la shamba si kinga. Na mara nyingi dumu la petroli limo baina ya miguu yake.

Hatusemi pikapu zipigwe marufuku. Anayesema hivyo hajapata kungoja gari njia panda magharibi ikiingia. Twataka mambo haya: abiria na petroli wasichanganywe katika bodi moja, vituo visijaze madumu juu ya magari, wala visiuze mafuta wakati radi zinapiga, na zijengwe banda madhubuti za kujikinga, zenye waya wa kupeleka radi ardhini, katika vituo vya gari na madiko yote, Unguja na Pemba.

Huku tukingojea majibu, kila tawi liwafundishe watu kuhesabu. Baina ya mwako na ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja. Hesabu isipofika 30, shukeni bodini, muingie nyumba imara au gari la chuma lililofungwa, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Dereva akikataa kusimama, andikeni namba ya gari, muilete tawini.